Je, wajua utabiri wa siasa hupewaje maksi mwaka ukiisha?

Kila Desemba wachambuzi wa siasa hurudia waliyoyasema Januari, na karibu wote huona walipatia. Si kwamba wote ni waongo. Kumbukumbu ndiyo huwacheza. Mwaka 1972, kabla Rais Nixon wa Marekani hajakwenda Beijing na Moscow, watafiti Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwauliza wanafunzi mambo kadhaa yana uwezekano gani wa kutokea, kwa mfano kama Nixon atakutana na Mao, kiongozi wa China. Ziara zilipokwisha, wakaombwa wakumbuke namba walizoandika wenyewe. Kwa mambo waliyoamini yametokea, wengi walikumbuka namba kubwa kuliko zile za awali.

Kwa hiyo utabiri usioandikwa hauna maksi. Hata ulioandikwa mara nyingi haupimiki, kwa kuwa unakosa kimoja kati ya vitu vitatu: tukio lisilo na mwanya wa kubishaniwa, siku ya mwisho, na asilimia. "Huenda serikali ikayumba mwaka huu" haina hata kimoja. Anayesema hivyo hawezi kukosea, na kwa sababu hiyohiyo hawezi kupatia.

Mwanya wa maneno ndio unaosumbua kuliko yote. Tazama Korea Kusini. Usiku wa 3 Desemba 2024 Rais Yoon Suk Yeol alitangaza sheria ya kijeshi, ikadumu takriban saa sita tu. Tarehe 14 Desemba bunge likapiga kura ya kumshtaki, mamlaka yake yakasimamishwa. Lakini Mahakama ya Katiba ilimwondoa rasmi 4 Aprili 2025. Sasa aliyeandika mwanzoni mwa 2024 kwamba "Yoon hatamaliza mwaka akiwa rais", amepata au amekosa? Tarehe 31 Desemba alikuwa rais kisheria, ila hakuwa na mamlaka. Wanaomuunga mkono mtabiri watampa, wanaompinga watamnyima, na pande zote mbili zina hoja. Ubishi huo ungeisha kwa sentensi moja iliyoandikwa mapema: "Atakuwa ameacha cheo kwa kujiuzulu, kifo au uamuzi wa mahakama kabla ya 1 Januari 2025, kusimamishwa hakuhesabiki." Vivyo hivyo "serikali ya Ufaransa itaanguka". Tarehe 4 Desemba 2024 wabunge 331 walipiga kura ya kutokuwa na imani na serikali ya waziri mkuu Michel Barnier, ikaanguka. Rais Emmanuel Macron akabaki palepale. Lazima useme unamaanisha nani.

Tarehe nayo ina uzito wake. Mwaka 2011 na 2012 wengi walisema Bashar al-Assad wa Syria amebakiza miezi tu. Aliondoka 8 Desemba 2024. Aliyesema 2012 kwamba ataanguka "mwaka huu" alikosea, na hakuna namna ya haki ya kumrudishia maksi hizo miaka 12 baadaye. Kila utawala una mwisho. Siku yake ndiyo ngumu kuijua.

Ukishakuwa na tukio, tarehe na asilimia, hesabu yenyewe ni nyepesi. Kanuni inayotumika zaidi inaitwa alama ya Brier, kwa jina la Glenn Brier, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani aliyeichapisha mwaka 1950. Kwa swali la ndiyo au hapana, tukio lililotokea lihesabu kuwa 1, lisilotokea 0. Andika asilimia yako kwa desimali, tafuta tofauti kati yake na jibu, kisha izidishe kwa yenyewe. Alama ndogo ndiyo nzuri: 0 ni kupatia kabisa, 1 ni kukosa kabisa.

Chukua tabiri nne. Ya kwanza uliipa asilimia 90, ikatokea: 0.1 mara 0.1 ni 0.01. Ya pili uliipa 70, ikatokea: 0.09. Ya tatu uliipa 60, haikutokea: 0.36. Wastani wa hizo tatu ni 0.153, na si mbaya. Ya nne uliipa 95 kwa kujiamini, haikutokea: 0.9025. Wastani wa zote nne unaruka hadi 0.341. Mtu aliyejibu asilimia 50 kila swali, bila kujua chochote, angepata 0.25 na kukushinda. Kanuni hii inaadhibu vikali uhakika usio na msingi, na mimi naona ndivyo inavyopaswa, maana msomaji anapoambiwa "hakuna shaka" hupanga mambo yake kwa neno hilo.

Hapa ndipo watu wengi wanapowaonea watabiri. Siku ya uchaguzi wa Marekani wa 2016, FiveThirtyEight, tovuti ya utabiri wa uchaguzi, ilimpa Hillary Clinton takriban asilimia 71 na Donald Trump 29. Trump akashinda, ikasemwa namba zilidanganya. Jambo la asilimia 29 hutokea karibu mara 3 katika kila 10. Waliokosea sana ni waliompa Clinton 98 au 99. Kosa lao lilikuwa la kihesabu, tena rahisi kuligundua. Tuseme mgombea ana asilimia 80 katika kila jimbo kati ya majimbo matatu. Kama majimbo hayahusiani, uwezekano wa kuyapoteza yote ni 0.2 mara 0.2 mara 0.2, yaani chini ya asilimia 1. Lakini Wisconsin, Michigan na Pennsylvania, majimbo matatu aliyoyapoteza Clinton, yana wapigakura wanaofanana, na kura za maoni zilikosea zote kwa upande mmoja. Kosa linapokuwa la pamoja, uwezekano huo unaweza kupanda hadi kukaribia asilimia 20.

Somo hilohilo linahusu orodha ya mtu mmoja. Ukitabiri mambo matano kuhusu uchaguzi mmoja, yatapanda au kuzama pamoja. Usijisifu kwamba umepatia matano, umepatia moja. Ila maswali yakikatwa vizuri, uchaguzi mmoja unaweza kutoa sahihi na kosa kwa wakati mmoja. India, Juni 2024: aliyesema Narendra Modi atabaki waziri mkuu alipatia. Aliyesema chama chake cha BJP kitapata wingi wa viti peke yake alikosea, kwani kilipata viti 240 wakati wingi ni 272, ingawa kura nyingi za maoni za wapigakura waliotoka vituoni ziliupa muungano wake zaidi ya viti 350.

Baada ya wastani, panga tabiri zako kwa mafungu: za 60, za 70, za 80, za 90. Katika 20 ulizozipa asilimia 70, takriban 14 zinapaswa kutokea. Zikiwa 12 au 16 usishtuke, bahati tu hufanya hivyo. Katika 10 ulizozipa 90, zikitokea 7 pekee, jitilie shaka: kwa mtu anayejua kupima uhakika wake, matokeo mabaya kiasi hicho huja mara 7 tu katika 100, iwapo maswali hayahusiani. Fungu la 90 ndilo huvuja kwa watu wengi. Na jihadhari na kujaza orodha maswali mepesi. Ukiyapa asilimia 3 mapinduzi katika nchi tulivu yasipotokea, unavuna 0.0009, na wastani wako unapendeza bila kazi.

Dawa ya hilo ni kujilinganisha na mshindani mvivu: kanuni ya "mambo yatabaki yalivyo". Mwanasaikolojia Philip Tetlock aliwafuatilia wataalamu 284 kwa takriban miaka 20, akachapisha matokeo mwaka 2005. Kwa wastani hawakuzizidi sana kanuni rahisi za namna hiyo, na waliotazama dunia kwa wazo moja kubwa walifanya vibaya kuliko waliochanganya mawazo mengi. Jaza safu ya pili pembeni ya orodha yako, uweke asilimia ambazo mshindani huyo angetoa siku ileile, kisha piga wastani wake kwa kanuni ileile.

Yatabaki maswali machache yasiyo na jibu: uchaguzi ulioahirishwa, kura iliyobatilishwa, mgombea aliyejitoa. Kama tarehe ilikuwa ndani ya swali, kuahirishwa ni "hapana", hata tukio likitokea wiki moja baadaye. Kama swali limekosa maana kabisa, lifute kwako na kwa mshindani wako mvivu, na ulifute kabla hujapiga hesabu ya wastani.