Baba yuko hai na anatuma matunzo: ujaze nini kwenye fomu ya mkopo?

Dirisha la mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu likifunguliwa, ofisi yangu hapa Moshi hujaa vijana waliomaliza kidato cha sita, fomu mkononi zimetoka kuchapwa steshenari, wanatafuta muhuri wa wakili. Wengi nawahudumia haraka. Ninaokaa nao muda mrefu ni wale waliolelewa na mama peke yake huku baba akituma hela ya matunzo. Mama humsindikiza mwanawe, na kabla sijashika kalamu swali linakuja: "Wakili, nikiandika kwamba baba yake anatuma hela, si mtoto atanyimwa?"

Hofu hiyo imezaa ushauri mbaya sana mitaani. Kuna akina mama wanaoambiwa waandike kwamba baba amefariki. Bodi ya Mikopo haipokei cheti cha kifo hivi hivi. Lazima kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na mtu aliye hai hana cheti cha kifo isipokuwa cha kughushi. Kijana anayesaini maelezo hayo mbele yangu anakula kiapo cha uongo akiwa na miaka 18 au 19, hata chuo hajakiona. Fomu ya namna hiyo siigongi muhuri, na mama huwa namweleza sababu bila kumficha. Wengine wanashauriwa kumfanya baba kuwa mtu asiyejulikana, ilhali jina lake limo kwenye cheti cha kuzaliwa kinachopelekwa pamoja na ombi lenyewe. Maombi yanajipinga yenyewe.

Ushauri wangu ni kuandika ukweli, kisha kuutafutia karatasi. Na ukweli wa matunzo una pande mbili ambazo watu huzichanganya: kiasi kilichoamriwa na kiasi kinachofika. Nilimhudumia mama mmoja muuza mitumba soko la Memorial. Amri yake ilisema shilingi 80,000 kila mwezi, naye alikuwa tayari kuandika hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo mahakama ilivyosema. Nikamwomba tuangalie miamala ya simu yake. Hela iliingia Januari shule zilipofunguliwa, ikaingia tena karibu na Pasaka, kisha kimya mpaka Krismasi. Hali ya nyumba ile ilikuwa kwenye simu. Ukiandika 80,000 kwa mwezi wakati unapata mara tatu kwa mwaka, umejidhulumu wewe na mtoto.

Kwa hiyo omba taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu, ya mwaka mzima ikiwezekana. Chukua nakala ya amri ya mahakama, au ya makubaliano kama mliyafanya mbele ya afisa ustawi wa jamii. Zungumza na mwenyekiti wa mtaa mapema, kwa sababu naye anatia saini na muhuri kwenye fomu. Asiyekufahamu vizuri atasaini bila kujua unaishije. Kama fomu haina nafasi ya kueleza haya yote, usizitupe karatasi hizo. Mgawo ukitoka mdogo, Bodi hufungua dirisha la rufaa, na hapo ndipo wengi hukwama kwa kuwa wana malalamiko tu, hawana ushahidi.

Majina nayo yanatesa, hasa kwetu Kilimanjaro. Mtoto alizaliwa kwa mama, akabatizwa na kuandikishwa shule kwa jina la babu mzaa mama. Miaka ikapita, baba akajitokeza au akaburutwa mahakamani, cheti cha kuzaliwa kikatoka na jina la baba. Sasa cheti cha kidato cha nne kinasema hivi na cha kuzaliwa kinasema vile. Hili linatibika kwa kiapo cha majina, yaani kuapa kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, lakini si jioni ya siku ya mwisho. Linganisha vyeti hivyo herufi kwa herufi wakati mtoto bado anasubiri matokeo.

Mdhamini si lazima awe baba. Mama mwenye kitambulisho anatosha, hata kama baba amegoma kabisa. Ada ya maombi ni shilingi 30,000 na hairudishwi, kwa hiyo hakiki kila kitu kabla ya kutuma.

Jambo linaloniuma zaidi ni umri. Amri ya matunzo kwa kawaida hukoma mtoto akifikisha miaka 18, na ndio mwaka ambao wengi wanaanza kuwaza chuo. Akina baba wengi wanaijua tarehe hiyo kuliko wanavyoijua siku ya kuzaliwa ya mtoto. Akina mama nao hukubali kwamba yameisha. Hayajaisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa mahakama uwezo wa kuendeleza amri hiyo baada ya miaka 18 kama mtoto bado yuko masomoni. Lakini lazima uombe, haijiendelezi yenyewe. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au kwenye mahakama iliyotoa amri, ikiwezekana kabla ya siku hiyo ya kuzaliwa.

Usiogope kwamba mkopo utakuharibia shauri hilo. Si kila mwanafunzi anapata asilimia mia, na mkopo wenyewe ni deni: mtoto akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe. Ukienda mahakamani, beba barua ya udahili, mchanganuo wa ada wa chuo, na mgawo wa mkopo kama umeshatoka. Ziweke hizo tatu pamoja mbele ya hakimu, umwonyeshe Bodi imelipia nini na nini kimebaki. Kilichobaki ndicho unachoomba baba aamriwe kuchangia.