Kumbandikia mwenzio kilicho chako: projeksheni ni nini?

Projeksheni ni pale mtu anapokuwa na hisia, tamaa au hofu asiyotaka kuikubali kuwa ni yake, kisha akaiona kwa mwenziwe. Aliyechoka na ndoa humwambia mkewe, "Najua umeshanichoka." Sigmund Freud alianza kuieleza katikati ya miaka ya 1890 huko Vienna, na mwaka 1936 binti yake, Anna Freud, aliitaja miongoni mwa kinga ambazo nafsi hujiwekea isiumie.

Si uongo. Mwongo anaujua ukweli anaouficha. Huyu anaamini anachosema, ndiyo maana uso wake haubabaiki. Wala si sawasawa na nyani asiyeona kundule, kwani la mwenziwe analoliona nyani lipo kweli. Kwenye projeksheni kosa linaweza kuwa halipo kabisa.

Mwaka 1997 wanasaikolojia wa Marekani Leonard Newman, Kimberley Duff na Roy Baumeister walichapisha majaribio ambamo washiriki walijizuia kuifikiria sifa mbaya waliyoambiwa wanayo. Walipooneshwa mtu kwenye video, sifa ileile ndiyo waliyomwona nayo zaidi. Kulifukuza wazo ni kuiweka akili zamu mlangoni, na mlinzi aliyechoka humshuku kila apitaye.

Chukua ndugu wawili wa Wete, Pemba, wenye shamba la mikarafuu la urithi. Mkubwa ana deni, na limempitia wazo la kuuza gunia moja kimyakimya. Amelisukuma mbali, hataki hata kulikumbuka. Mdogo ndiye anayeanika. Zilizomwagwa majamvini zilikuwa kilo 90 mbichi, zimetoka kilo 30 kavu. Mkubwa anawaka: "Umeniibia! Umezitoa usiku, ukampa mtu azipeleke mjini." Karafuu ikikauka hubaki karibu theluthi ya uzito wake, na mtu aliyekulia shambani Pemba halihitaji somo hilo. Hapo ndipo pa kutazama: amesahau anachokijua kwa sababu tuhuma imemkaa vizuri kuliko hesabu.

Dalili nyingine ni ukali unaozidi ushahidi, na shutuma inayorukia jambo jipya kila ya kwanza ikijibiwa. Inayosema zaidi, kwa maoni yetu, ni ule undani: njia nzima ya kutenda kosa imeshapangwa, saa na mpokeaji, na hakuna aliyeona kitu.

Hata hivyo, aliyeibiwa kweli naye hufoka. Kwa hiyo hesabu itangulie: pishi zilizochumwa, uzito mbichi, uzito mkavu, risiti ya ZSTC, shirika la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu. Zisipolingana, dai ni dai la kujibiwa, na neno projeksheni lisitumiwe kumziba mtu mdomo.

Ukiwa wewe ndiye unayetuhumiwa, usijibu, "Hayo ni yako, unanibandikia." Hata kama ni kweli, unamsukumia usoni kitu kilekile ambacho nafsi yake haikuweza kukibeba, na atakirudisha kwa nguvu zaidi. Uliza alichokiona: "Kaka, umeona nini hasa, na siku gani?" Jibu mara moja, kwa kifupi, kwa ushahidi. Akirudia, sema: "Hilo nimeshakujibu. Naona una dhiki, tuizungumze hiyo." Mazungumzo haya si ya barazani wala ya kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mbele ya watu atatetea heshima yake badala ya kusikiliza. Na kwa wanandoa, kumkabidhi simu aikague kila jioni hakutibu. Hutulia siku mbili akaanza upya, maana chanzo hakimo kwenye simu.

Kujikamata mwenyewe ni kazi ngumu zaidi. Gawa ukurasa pande mbili: kushoto andika ulichokiona au kukisikia kwa masikio yako, kulia ulichohitimisha. "Wifi hakunisalimia" ni ya kushoto. "Wifi ananionea wivu" ni ya kulia. Kushoto kukiwa na mstari mmoja na kulia kumejaa, jiulize: hisia hii ninayompa, mimi sinayo? Lini mara ya mwisho nimemwonea wivu? Ukipata jibu linalokuaibisha kidogo, huenda umefika. Usipopata, mwulize wifi mwenyewe. Huenda hakukuona tu.

Tuhuma zikifuatana na kipigo, vitisho au kukatazwa kutoka nje, hiyo ni jinai, haidai subira ya kumwelewa mtu: nenda dawati la jinsia polisi. Na mtu akishikilia kwa wiki nyingi kwamba anafuatwa au anawekewa sumu, hakuna ushahidi unaomtikisa, hapati usingizi, au anasikia sauti, hayo yamevuka projeksheni ya kawaida. Huyo apelekwe hospitali. Unguja ipo ya magonjwa ya akili, Kidongo Chekundu, na familia inaweza kumsindikiza bila kungoja akubali kwanza kwamba amekosea.