Karantini si kufunga mji

"Mji mzima uko karantini." Sentensi hii nimeisikia mara nyingi mno tangu mwaka 2020, na kila nikiisikia natamani kumwuliza msemaji: mji huo unangoja kuingia wapi?

Karantini ni kumweka kando kwa muda maalumu mtu, mnyama au shehena inayoshukiwa kukutana na ugonjwa, mpaka ijulikane kama imeambukizwa au la. Mgonjwa aliyethibitishwa akawekwa peke yake hayuko karantini, huyo ametengwa. Wakazi wote wakiamriwa kubaki majumbani, hilo ni zuio la kutoka nje.

Jina limetokana na neno la Kiitaliano quaranta, yaani arobaini. Lakini utaratibu wenyewe ulianza na siku 30. Tarehe 27 Julai 1377, Baraza Kuu la Ragusa, mji unaoitwa leo Dubrovnik nchini Kroatia, liliamuru kwamba atokaye mahali penye tauni asiingie mjini kabla ya kukaa mwezi mmoja katika kisiwa cha Mrkan au mji wa Cavtat. Mwenyeji aliyekwenda kuwatembelea bila ruhusa alibaki hukohuko, naye auhesabu mwezi wake. Baadaye muda ukarefushwa kuwa siku 40, ndizo zilizobaki kwenye jina. Kwa nini 40 hasa? Wapo wanaoihusisha na Kwaresima, wapo wanaorejea mafundisho ya matabibu wa Ugiriki ya kale kuhusu maradhi makali.

Linalonigusa zaidi ni aina ya mji uliobuni jambo hili. Ragusa ilikuwa ndogo, imebanwa kati ya milima na bahari, nafaka yake ikitoka nje na riziki yake ikitegemea biashara kati ya Italia na nchi za Balkani. Kufunga malango kabisa kungeuokoa na tauni na kuuangamiza kwa njaa. Karantini ilibuniwa ili lango lisifungwe! Mgeni hakufukuzwa, aliambiwa angoje. Na kungoja huko kulidai utawala: mahali pa kuwaweka watu, chakula chao, walinzi, maofisa wa kuhesabu siku. Venice nayo ilitenga kisiwa kizima kwa hospitali ya tauni mwaka 1423.

Miji midogo inayoishi kwa milango iliyo wazi ingali hivyo. Singapore, inayoagiza zaidi ya asilimia 90 ya chakula chake, ilikuwa na mambo yote mawili mwaka 2020: wasafiri walioingia waliwekwa hotelini siku 14, na wakazi wakazuiwa kutoka bila sababu ya lazima kuanzia Aprili 7 hadi Juni 1. La kwanza lilikuwa karantini, la pili halikuwa. Meli za mizigo ziliendelea kutia nanga muda wote huo.

Luxembourg ni fundisho gumu zaidi. Karibu nusu ya wafanyakazi wake huvuka mpaka kila siku kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, wakiwamo wauguzi wengi. Karantini humchukulia mtu kama anayefika mara moja. Anayefika kila asubuhi na kuondoka kila jioni utamwekaje kando siku 14, na wodi ahudumie nani? Majirani walipokaza mipaka mwezi Machi 2020, suluhisho halikuwa kisiwa cha kungojea, bali vyeti vya kuvukia na maelewano na serikali ambazo uongozi wa Luxembourg hauziamuru. Anayeita yote haya karantini hulificha swali lenyewe: nani ana mamlaka juu ya mlango?

Basi ndugu msemaji, wakazi wakiamriwa kubaki ndani, tuambie wamezuiwa kutoka nje. Na kama kuna mmoja aliyeshuka melini jana, mzima wa afya, anahesabu siku zake katika chumba alichopangiwa, huyo ndiye yuko karantini.