Daftari la kilo: haki za mbanguaji korosho geti likifungwa

Mama mmoja aliingia ofisini kwangu hapa Mtwara akiwa na mfuko wa nailoni kifuani, ameukumbatia kama mtoto. Alikuwa amebangua korosho kiwanda kimoja miaka minane, mwaka hadi mwaka, na sasa geti lilikuwa limefungwa. Barua hakupewa. Mlinzi aliwaambia tu kwamba korosho ghafi zimekwisha, waende nyumbani, wataitwa. Alinisalimia, akakaa, akaniuliza: "Mwanangu, hivi serikali inatusaidiaje sisi?"

Nilimuuliza geti lilifungwa lini. Tukahesabu pamoja kwa vidole na kalenda: siku ya 47.

Hesabu hiyo iliniuma. Nafanya kesi za kazi, na ninachokiona huku kusini ni kwamba watu hukosa haki zao kwa sababu ya siku kupita na karatasi kukosekana, kuliko kwa sababu ya sheria kuwa mbaya. Kufungwa kwa viwanda si jambo geni kwetu. Miaka ya 1970 serikali ilijenga viwanda vya korosho kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mavuno yaliyofika tani 145,000 msimu wa 1973/74 yakaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, na mashine zikakosa cha kubangua. Siku hizi korosho zipo, lakini nyingi hununuliwa mnadani zikiwa ghafi na kupandishwa meli kwenda India na Vietnam. Kiwanda kisicho na mtaji wa kununua msimu unapofunguka hubaki na ghala tupu, na mbanguaji anaambiwa aende nyumbani.

Sasa swali la mama. Hakuna mfuko wa serikali uliotengwa kwa ajili ya waliopunguzwa kiwandani. Kilichopo ni sheria inayombana mwajiri alipe, na hifadhi ya jamii. Nyote mnaoniandikia mkiuliza "pesa za serikali", anzeni na sheria.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kabla hajaamua. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28, au malipo badala yake. Aliyetimiza miezi 12 mfululizo analipwa kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Ukiwa unapata shilingi 6,000 kwa siku, mwaka mmoja ni 42,000, na miaka minane ni 336,000. Ongeza likizo usiyolipwa na siku ulizofanya kazi bila malipo. Dai pia cheti cha utumishi.

Hapo ndipo karibu kila mbanguaji hunikatiza: "Lakini mimi ni kibarua tu, nalipwa kwa kilo."

Naomba mnisikilize vizuri hapa. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kuna hata dalili moja kati ya zilizotajwa: unapangiwa namna ya kufanya kazi, unapangiwa saa, vifaa ni vya mwenye kazi, unamtegemea yeye kwa riziki, au umemfanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mwanamke anayeingia saa moja asubuhi, akakaa kwenye meza ya kiwanda na mashine ya kiwanda, msimamizi nyuma yake, ana dalili hizo karibu zote. Na malipo ya kilo hayamnyimi hesabu: mshahara wake hutafutwa kwa wastani wa alichopata wiki 13 za mwisho.

Kwa hiyo nilimwomba mama afungue mfuko wake. Mlikuwa na kitambulisho cha NIDA na daftari la shule, jalada limekula mafuta ya ganda la korosho. Ndani, siku kwa siku, ameandika kilo alizopima, na pembeni msimamizi wa mizani ametia sahihi. Daftari lile lilithibitisha ajira, saa na mshahara kwa mpigo mmoja. Mwenyewe alilitunza ili tu asiibiwe kilo.

Kuhusu siku: anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo ina ofisi Mtwara na Lindi. Madai mengine, kama mishahara na likizo visivyolipwa, yana siku 60. Mama alikuwa amechelewa la kwanza, na la pili lilikuwa limebakiza siku 13. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima awe na sababu inayoeleweka. "Tuliambiwa tutaitwa" nimeitumia mara nyingi, na si kila mara ilikubaliwa. Kutoka Masasi hadi Mtwara ni karibu kilomita 200, na mtu asiye na mshahara huahirisha safari hiyo wiki baada ya wiki. Nawaelewa. Changeni nauli, mmoja aje na majina ya wote.

Kisha NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Lipo fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 6, kwa Mtanzania aliye chini ya miaka 55, ambaye hakuacha kazi mwenyewe na amechangia angalau miezi 18. Kwa mshahara wa 150,000 ni kama 50,000 kwa mwezi. Tatizo ni la watu wa msimu. Anayefanya kazi miezi mitano kwa mwaka anahitaji karibu misimu minne kutimiza miezi hiyo 18, na miezi 12 mfululizo ya kiinua mgongo haipati kabisa. Kwa maoni yangu sheria hii iliandikwa akifikiriwa mtu wa ofisini, na inapaswa kurekebishwa. Wapo pia waliokatwa na michango haikufika. Ombeni taarifa ya michango mkiwa bado kazini, msingoje geti lifungwe.

Mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, isiyo na riba, kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni mizuri kwa kikundi chenye biashara tayari. Ila ni deni. Usiichukue kununua unga.

Tulijaza fomu ya mama siku ya 49. Kwenye usuluhishi, mwakilishi wa kiwanda alianza kwa kusema huyu mama hawamtambui. Nilifungua daftari kwenye ukurasa wa wiki ya mwisho nikamsogezea. Aliitazama ile sahihi ya mizani kwa muda, kisha akaomba dakika kumi atoke nje apige simu.