Kadi mbili za giga nne si giga nane

"Kaka, nina kadi mbili za michoro (graphics card), memori giga nne nne, jumla nane. Hiyo mpya ya giga nane itanisaidia nini?" Ujumbe huo umeingia tena, safari hii kutoka kwa kijana wa Tabata mwenye GTX 970 mbili za Nvidia na juu yake daraja la SLI, njia ya Nvidia ya kuunganisha kadi mbili zifanye kazi pamoja. Yeye nimemjibu kwa upole. Upole wenyewe umeishia hapo.

Huna giga nane, mdogo wangu. Una giga nne, nakala mbili. Kwenye gemu, SLI hufanya kazi kwa zamu: kadi moja inachora fremu (picha moja moja zinazopita kwenye skrini) ya 1, 3, 5, nyingine inachora ya 2, 4, 6. Kila kadi inachora picha nzima, kwa hiyo lazima iwe na vitu vyote vya picha hiyo ndani ya memori yake: kuta, nyuso, vivuli, kila kitu. Kilichomo kwenye hii kimo na kwenye ile. Gemu likidai giga sita, zote mbili zinajaa kwa pamoja na picha inaanza kukwama. Tena kwa 970 ni afadhali tusihesabu kabisa, maana katika hizo giga nne ni tatu na nusu tu zenye kasi; nusu iliyobaki inajikokota.

Uvumi huu najua ulikoanzia. Watengenezaji wenyewe walijumlisha. GTX 690 ya Nvidia ya 2012, chipu mbili kwenye kadi moja, iliuzwa kama ya giga nne wakati kila chipu ilikuwa na mbili zake. R9 295X2 ya AMD ya 2014 ikaitwa ya giga nane kwa hesabu hiyohiyo. Mwaka 2015 ikaja DirectX 12, sehemu ya Windows inayounganisha gemu na kadi, na ahadi kwamba memori za kadi mbili zitaweza kutumika kama moja. Kweli zinaweza, ila kazi yote walitupiwa watengeneza gemu, na wengi wao hawakuwa tayari kuhangaika kwa ajili ya wateja wachache. Nvidia nao, kuanzia Januari 2021, waliacha kutoa profaili mpya za SLI, yaani setingi za draiva zinazoliwezesha gemu kutumia kadi zote mbili. Kwa hiyo ukiwasha gemu jipya, kwa kawaida kadi yako ya pili inalala tu huku ikila umeme.

Watu wa 3D watanijia juu, na wana haki. Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, inagawa kazi kwa kadi mbili bila SLI wala daraja, na muda wa kurenda (kutoa picha iliyokamilika) unapungua sana. Lakini hata huko, mandhari unayorenda lazima itoshe yote kwenye kila kadi. Mahali nne na nne zinapokaribia kuwa nane ni kwenye modeli za lugha, zile akili bandia za kuandika na kujibu maswali: programu kama llama.cpp inagawanya matabaka ya modeli, haya huku, yale kule. Ndiyo maana kabla ya bei nakuuliza unafanyia nini hiyo mashine.

Utaniuliza: "Mbona kaunta inaonyesha fremu 60 kwa sekunde?" Kaunta inatoa wastani. Fremu 60 zikija kwa mpangilio, kati ya moja na nyingine kuna milisekunde kama 16 na nusu. Kadi mbili zikipishana vibaya, moja inafika baada ya 8, inayofuata baada ya 25. Wastani ni uleule, ila picha inatikisika. Na hapa niseme ukweli: wapo wasiouona mtikisiko huo hata kidogo, na sina namna ya kumjua mtu wa aina hiyo kabla hajakaa mbele ya skrini. Kwa hiyo jipime mwenyewe. Zima SLI kwenye setingi za draiva, cheza gemu lako la kila siku. Usipoona tofauti, au mambo yakiwa mazuri zaidi, jibu umelipata.

Halafu joto. Kadi ya juu inavuta hewa ambayo ya chini imeshaichemsha, na chumba chenyewe ni cha Dar mwezi wa pili, kinapozwa na pangaboi. GTX 970 mbili zimepangiwa wati 145 kila moja, yaani 290; RTX 3060 moja, kadi mpya zaidi ya Nvidia, ni 170. LUKU haijali SLI.

Ukicheza gemu za zamani tu na zinakwenda vizuri, usinunue kitu. Ukiamua kununua, 3060 iwe ya giga 12, maana ipo na ya giga 8 ambayo njia yake ya memori ni nyembamba zaidi. RX 6500 XT iache hata ukipewa bei ya kutupa: inatumia njia nne tu za PCIe (muunganisho wa kadi na mazabodi), na kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0 inapoteza nguvu waziwazi.

Mtumba wa Kariakoo siukatazi. Kadi zilizochimbia sarafu za kidijitali kama Ethereum ndizo zinazoniumiza kichwa. Naangalia feni, naangalia skrubu kama zimeguswa, na bado nabaki nabahatisha. Angalau iwashwe mbele yako, ipewe mzigo mzito kwa dakika ishirini huku unatazama joto. Muuzaji akisema hana pa kuijaribia, maduka yako mengi mtaa huohuo.