Je, kila seli ya ubongo ina DNA ileile? Maswali ya wazazi na majibu yake

Seli za neva za mtoto huanza kutengenezwa lini?

Mapema mno, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ana mimba. Katika wiki ya 3 na ya 4 tangu mimba kutungwa, tabaka la seli mgongoni mwa kiinitete hujikunja na kuwa mrija, na kufikia siku ya 28 hivi mrija huo huwa umefunga. Usipofunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, au fuvu na ubongo havikamiliki.

Ndani ya mrija kuna seli mama. Kwanza huzaana zenyewe kwa zenyewe, kisha huanza kuzaa neva. Neva changa hupanda juu zikifuata nyuzi ndefu za seli mama hizohizo, na zile zinazozaliwa baadaye huzipita zilizotangulia na kwenda kukaa tabaka la juu zaidi. Mimba ikivuka nusu ya safari yake, gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, huwa limepata karibu neva zake zote. Ubongo wa nyuma, yaani serebela, huendelea kuongeza zake hata baada ya mtoto kuzaliwa. Mtu mzima ana neva zipatazo bilioni 86.

Hapo DNA inaingiaje?

Kabla ya kugawanyika, kila seli hunakili DNA yake yote, yaani maandishi ya urithi yanayoiongoza: vifurushi 46 viitwavyo kromosomu, vyenye herufi zaidi ya bilioni 6. Ndiyo maana ukipima ubongo unaojengwa utakuta seli nyingine zina DNA mara mbili ya kawaida. Hizo zinajiandaa kugawanyika tu.

Lakini DNA ya seli za ubongo haifanani kabisa, na tofauti hizo za kudumu hutoka kwingine. Kunakili maandishi marefu hivyo, tena kwa haraka, hakukosi makosa. Herufi moja hubadilika, kipande hufutika au hujirudia, na mara nyingine seli hupata kromosomu nzima ya ziada au huikosa. Vipo pia vipande vya DNA vyenye uwezo wa kujinakili na kujipachika mahali pengine.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulichunguza ubongo wa vijusi vya wiki 15 hadi 21, ukakuta kila seli ina mabadiliko ya herufi moja moja kati ya 200 na 400. Mwingine wa mwaka 2013 ulitazama neva za watu wazima, mojamoja. Kati ya asilimia 13 na 41 zilikuwa na angalau kipande kikubwa cha DNA kilichopungua au kuongezeka. Kuhusu kromosomu nzima wataalamu wamebishana sana: mwaka 2001 ilionekana kwamba karibu theluthi ya seli mama za ubongo wa viinitete vya panya zina hesabu isiyo sawa, lakini vipimo vipya vya seli mojamoja kwenye neva za watu wazima vimeonyesha asilimia chache tu.

Basi huo ni ugonjwa?

Hapana. Wewe unayesoma hapa unazo tofauti hizo. Na kwa kuwa neva za gamba la ubongo hazigawanyiki tena baada ya kuzaliwa, mtu huishi nazo maisha yake yote.

Kinachoamua ni kosa limetokea lini na kwenye jeni ipi, yaani kipande kipi cha DNA chenye maelekezo ya kazi fulani. Likitokea mwishoni, hubaki kwenye neva chache na mara nyingi halina athari yoyote. Likitokea mapema kwenye seli mama, watoto wake wote hulirithi. Jeni kama MTOR, PIK3CA au AKT3, zinazoongoza ukuaji wa seli, zikiharibika kwa njia hiyo, sehemu ya ubongo, hata upande mzima, hukua kupita kiasi na mtoto hupata kifafa kisichotulia kwa dawa. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kila kitu ni sawa, kwa sababu kosa liko kwenye ubongo peke yake.

Kosa la aina hii halikutoka kwa baba wala kwa mama. Si laana, na hakuna upande wa ukoo wa kulaumiwa. Inaniuma kuona mama akirudishwa kwao kwa jambo kama hili. Tena kwetu Afrika Mashariki visa vingi vya kifafa vina sababu nyingine kabisa: matatizo wakati wa kujifungua, malaria kali iliyofika kichwani, au mabuu ya tegu wa nguruwe.

Je, tofauti hizi zinaweza kuharibu kipimo cha DNA cha kutafuta baba wa mtoto?

Haziwezi. Kipimo hicho husoma seli nyingi kwa pamoja, za shavuni au za damu, na kosa la neva moja kichwani halifiki huko.

Mama afanye nini?

Makosa ya kunakili hayazuiliki kwa dawa. Mrija ule wa mwanzo ndio unaoweza kulindwa. Asidi ya foliki, ambayo mwili huihitaji kutengeneza DNA mpya, inywewe miligramu 0.4 kila siku kuanzia kabla ya kushika mimba. Kwa wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye tatizo la mrija huo, utafiti wa mwaka 1991 ulionyesha kwamba miligramu 4 kwa siku zilipunguza kujirudia kwake kwa asilimia 72. Dozi hiyo huandikwa na daktari. Pombe iachwe kabisa. Na mwanamke anayetumia valproeti kwa ajili ya kifafa amwone daktari kabla ya kupanga mimba, kwa sababu dawa hiyo huongeza hatari ya mgongo wazi. Asiiache ghafla mwenyewe: degedege likirudi kwa nguvu linaweza kumuua.