Waswasi: kinachoulisha ni jibu lako

Wasiwasi ni neno la Kiarabu, waswas, yaani mnong'ono. Siku hizi tunalitumia kwa hofu yoyote, hata ya ada ya shule. Waswasi wenyewe ni kitu kingine: wazo linalojipenyeza bila kuitwa, likamchukiza mwenyewe, likakataa kuondoka. Sikufunga gesi. Mkono una najisi. Nikishika kisu nitamchoma mtoto. Mawazo kama haya humpitia karibu kila mtu, wala si nia yake.

Tatizo huanzia kwenye jibu. Mtu anatawadha, shaka inamwambia kiwiko hakikupata maji, anarudia. Hofu inashuka kidogo, na akili inajifunza kwamba kilichomwokoa ni kule kurudia. Kesho shaka itadai zaidi. Majibu mengine hayaonekani: kuhesabu moyoni, kukariri istighfari mpaka "itulie", kumuuliza mke kila saa, "Una hakika tumefunga?" Hili la kuuliza huwaponyoka watu wa nyumbani; wanadhani wanamtuliza, kumbe wanaulisha waswasi. Mambo haya yakila zaidi ya saa 1 kwa siku, au yakivuruga kazi, huo ni ugonjwa wenye tiba.

Tiba yenyewe, iliyoanzia kazi ya mwanasaikolojia Victor Meyer jijini London mwaka 1966, ni kulikabili linalotisha huku ukijinyima jibu. Andika hali zinazokutisha, kila moja uipe alama 0 hadi 100 kwa ukali wa hofu, kisha anza na yenye 40 hivi, si 90. Kwa udhu: kila kiungo mara 3 basi, funga bomba, ondoka na shaka yako. (Mafakihi, wajuzi wa sheria ya Kiislamu, walishasema: yakini haiondolewi na shaka.) Wazo likirudi, usibishane nalo. Liambie "huenda," endelea kupika. Hofu isiposhuka leo hujashindwa; unachojifunza ni kwamba inabebeka.

Wengi hukwama kwa kubadilisha jibu: ameacha kurudia udhu, sasa anampigia imamu simu kila jioni. Ni kulekule.

Dawa kama fluoksetini husaidia, mara nyingi kwa dozi kubwa kuliko ya sonona, na huchukua wiki 8 hadi 12, kwa hiyo usiiache wiki ya 3 ukisema haifanyi kazi. Ukitamani kufa, au ukisikia sauti kutoka nje ya kichwa chako, usijaribu haya peke yako: nenda hospitali siku hiyohiyo.